Limesukwa, Halijakazwa: Kuchagua Magurudumu ya Baiskeli kwa Safari Yenye Mzigo Mzito

Wasafiri wenzangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Kabla sijasema lolote, pokeeni hiki kipande cha waya mkipitishe mkono kwa mkono. Ni spoku, au niseme ilikuwa spoku. Tazameni ilipokatikia. Haikukatika katikati, wala kule mwisho kwenye nyuzi zinazoingia kwenye nipeli, ile nati ndogo inayoishika spoku kwenye ringi. Imekatika kiwikoni, pale inapojikunja kuingia kwenye tundu la habu, kile kitovu cha gurudumu. Aliye na miwani auangalie mkato wenyewe kwa karibu. Sehemu kubwa ni laini na imefifia, halafu pembeni kuna kipande chembamba kama mwezi mwandamo, kinachong'aa. Ile sehemu iliyofifia ni ufa uliokuwa ukitambaa taratibu, kilomita baada ya kilomita, nami nikipiga pedali bila habari. Kile kimwezi ndicho kilichobaki peke yake kikifanya kazi ya spoku nzima, na ndicho kilichoachia siku ile mlimani.

Nilikuwa na mzigo wa kilo 32: mifuko miwili mikubwa kwenye keria ya nyuma na hema juu yake. Nikasikia "ting!", kama mtu amegonga glasi kwa kijiko. Sikufika mbali, ringi ikaanza kusugua breki, shwa, shwa, shwa. Safari ile nilikata spoku 7, zote za gurudumu la nyuma, na 6 kati ya hizo upande wa gia. Nililaumu barabara. Nikalaumu mzigo. Nikalaumu wembamba wa spoku, nikatafuta nene zaidi, nazo zikakatika vilevile. Mwishowe nikafika kwa fundi mmoja mzee. Akalishika gurudumu langu, akabana spoku mbili pamoja kwa kiganja kama mtu anayepima tunda limeiva au bado, akacheka kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, hili limesukwa, halijakazwa."

Nimekuja leo kuifafanua kauli ile, maana ilinigharimu spoku 7 kuipata.

Tuanze na swali linaloonekana la kitoto: ukikaa kwenye baiskeli, uzito wako unashikwa na nini? Wapo wanaodhani habu imesimama juu ya spoku za chini kama paa juu ya nguzo. Lakini spoku ni waya wa milimita 2. Ukiusukuma kwa ncha unapinda hapo hapo. Wengine husema habu inaning'inia kwenye spoku za juu kama ndoo kwenye kamba. Hilo lina ladha ya kweli, ila ukipima mvuto, yaani ukazo, wa spoku za juu wakati mtu amepanda, hauongezeki kiasi cha kuonekana. Kinachobadilika ni huku chini. Ringi inabonyea kidogo sana pale tairi linapogusa ardhi, na zile spoku chache zilizo juu ya mguso huo zinalegea kidogo. Mhandisi Mmarekani Jobst Brandt alilieleza jambo hili kwa hesabu na vipimo, na tangu hapo mafundi makini wamelikubali: gurudumu linabeba kwa kupunguza mvuto uliokwisha kuwekwa ndani yake. Kama hukuweka mvuto, huna cha kupunguza.

Sasa tupige hesabu. Ringi yenye kipenyo cha milimita 622, pale tairi linapokaa, na tairi la milimita 40 ikizunguka mara moja inasogea mita 2.2 hivi. Kilomita 1,000 ni mizunguko zaidi ya 450,000. Kila mzunguko, kila spoku inapita chini mara moja, inalegea, inarudi kukaza. Mara laki nne na nusu! Chukueni waya wowote mwembamba muupinde huku na huku mahali pamoja, mtahesabu mara ngapi kabla haujakatika. Spoku ya gurudumu lililokazwa vizuri haifiki kwenye huo mchezo, kwa sababu hata ikilegea bado imebaki na mvuto mwingi na kiwiko chake hakitikisiki tunduni. Spoku ya gurudumu lililolegea inafika sifuri kila mzunguko: kiwiko kinacheza, nipeli inajifungua polepole, na ufa unazaliwa. Ndiyo maana nawaambia watu spoku haikatwi na shimo la jana. Shimo la jana linapinda ringi. Spoku imekatwa na wiki sita zilizopita.

Haya, tuje kwenye kuchagua.

Kwa mtu mzima mwenye mzigo wa kambi, nunua spoku 36 kwa kila gurudumu na ulale usingizi. Sina haja ya kulizungusha. Spoku 32 zinamtosha mtu mwepesi asiyebeba sana, au mwenye ringi ndogo. Zipo habu za matundu 40 na 48, zilizotengenezewa hasa baiskeli za watu wawili, na kwa nguvu hazina mpinzani. Nilizitamani miaka kadhaa. Kilichonizuia ni swali moja: ringi yangu ya matundu 40 ikipasuka mahali ambapo duka la karibu liko siku mbili, nani atanipa nyingine? Namba 36 na 32 zinapatikana. Namba 40 utaletewa kwa posta, nawe utakaa kuisubiri.

Faida ya wingi wa spoku inaonekana zaidi siku ya msiba. Gurudumu la spoku 36 likipoteza moja linayumba, unalinyoosha kidogo, unaendelea. Lile la spoku 20, zuri kwa mashindano, likipoteza moja ringi inakwenda upande hadi inagoma kupita kwenye fremu, na wewe unaanza kusukuma.

Kuhusu spoku zenyewe nitasema jambo ambalo wengi hawaliamini wakilisikia mara ya kwanza. Spoku iliyopunguzwa unene katikati ina maisha marefu kuliko iliyo nene mwanzo hadi mwisho. Zile za kawaida nzuri zina milimita 2.0 kiwikoni, 1.8 katikati, 2.0 tena kwenye nyuzi. Sababu yake ni hii: waya mwembamba unanyumbuka zaidi kwa mvuto uleule. Ringi ikibonyea kwa upana wa unywele, spoku iliyonyumbuka sana inapoteza sehemu ndogo tu ya mvuto wake, wakati ile nene na ngumu inapoteza sehemu kubwa na kuwa legelege. Tena ile inayonyumbuka inaziachia jirani zake zishiriki kazi. Kwa gurudumu la nyuma upande wa gia, kama mfuko unaruhusu, zipo zenye milimita 2.3 kiwikoni, 1.8 katikati na 2.0 mwisho. Unene wa ziada umewekwa pale pale ufa unapopenda kuanzia, na unajaza vizuri tundu la habu ambalo kwa kawaida lina milimita 2.5 au zaidi kidogo. Mimi nilipoongeza unene safari ile niliuongeza kote, kwa gurudumu lililolegea. Nilikuwa namvalisha mgonjwa koti badala ya kumpa dawa.

Nipeli ziwe za shaba. Za alumini zinapunguza gramu chache, halafu baada ya mvua na chumvi zinaganda kwenye spoku, na ukizigeuza zinavunjika kona zikabaki duara. Basi.

Sasa naomba tusogee nyuma ya baiskeli, upande wa kulia, maana huko ndiko vilio vyote vinatoka. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na gurudumu la nyuma lina pabovu pake tangu linapozaliwa. Angalieni hili nililoshika. Rundo la gia limechukua nafasi upande wa kulia, kwa hiyo sahani ya habu ya upande huo, ile yenye matundu ya spoku, imesukumwa kuelekea katikati. Ringi nayo lazima ikae katikati ya fremu. Matokeo yake ni kwamba spoku za kulia zinapanda karibu wima, na za kushoto zimelala zaidi, kama kamba za hema. Ili ringi isivutwe kushoto, zile za kulia hukazwa sana. Kwenye habu nyingi za gia nyingi, mvuto wa kushoto unabaki karibu nusu ya ule wa kulia. Kwa hiyo kulia panafanya kazi kupita kiasi na kushoto pako karibu na kulegea. Halafu juu ya hapo unaweka mkeka, sufuria na lita 6 za maji.

Mtu wa kilo 80, baiskeli ya kilo 16, mzigo wa kilo 30 wote kwenye keria ya nyuma: jumla ni kilo 126, na gurudumu la nyuma litabeba kama 86 kati yake. Hamisha kilo 12 kwenye mifuko ya mbele, nyuma panashuka hadi 74 hivi. Hujanunua chochote zaidi ya keria ya mbele, nawe umelipunguzia gurudumu dhaifu kuliko yote mzigo wa mtoto mdogo. Gurudumu la mbele halina gia. Spoku zake zimekaa sawa pande zote mbili, lina nguvu ambayo wengi hawaitumii. Usukani utakuwa mzito siku mbili za kwanza, utauzoea.

Kuna njia nyingine za kuitibu ile nyuma. Ya kwanza ni habu pana. Fremu za safari zimekuwa zikitumia nafasi ya milimita 135 kati ya miguu ya nyuma, na milimita 5 zaidi ya zile 130 za baiskeli za mbio zinasaidia kuliko namba inavyoonyesha. Ya pili ni ringi ambayo matundu yake yametobolewa pembeni kidogo ya katikati, ili spoku za kulia zipate mlalo. Napenda sana ringi hizo na sielewi kwa nini hazikuwa za kawaida tangu zamani. Ya tatu ni spoku nene kidogo kulia na nyembamba kushoto, ili zile za kushoto zenye mvuto mdogo zinyumbuke badala ya kulegea.

Ya nne ni kuacha rundo la gia kabisa na kuchukua habu yenye gia ndani. Inayojulikana zaidi miongoni mwa wasafiri ni Rohloff ya Ujerumani, yenye gia 14, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa kuwa nje ina gia moja tu, spoku za kushoto na kulia zinakaribiana sana kwa mlalo na mvuto, na gurudumu linalotokana nayo ni imara ajabu. Lakini ni nzito, ni ghali, na ikipata ugonjwa wa ndani fundi wa kando ya barabara atakuombea dua tu. Mwenye moyo wa kuvumilia hayo, aende nayo.

Tukiwa bado kwenye habu, niseme kidogo kuhusu ekseli. Baiskeli za zamani, na nyingi za bei rahisi hadi leo, zina gia zinazofungwa kwa nyuzi juu ya habu. Muundo huo unaacha gololi za kulia mbali na mguu wa fremu, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila mhimili, nayo inapinda na mwishowe inakatika. Habu za kaseti, yaani zile ambazo rundo la gia linachomekwa juu yake badala ya kufungwa kwa nyuzi, na ambazo Shimano walizitoa mwishoni mwa miaka ya 1970, zilisogeza gololi hadi karibu na mguu wa fremu, na kilio hicho kikapungua sana. Kama unabeba mzigo, chukua habu ya kaseti. Mambo ya gololi na koni dhidi ya beringi zilizofungwa, mnaweza kugombana huko nje wakati wa chai. Mimi natumia gololi na koni kwa sababu nikiwa na spana mbili nyembamba na grisi ninazifufua popote. Mwenzangu mmoja anatumia beringi zilizofungwa na hajawahi kuzigusa.

Ringi. Iwe ya kuta mbili, yaani ukiikata utaona chumba ndani, si bamba moja lililokunjwa. Matundu yenye pete za chuma ni mazuri, kwa sababu yanatawanya mvuto wa nipeli. Ringi nyepesi zisizo na pete huanza kupata nyufa ndogo kuzunguka matundu, kama miale ya jua. Zikagueni kila mwezi kwa kitambaa na tochi. Uzito usiwatishe. Ringi ya safari yenye gramu 600 au zaidi si aibu. Upana wa ndani uwe wa milimita 19 hadi 25 hivi kwa matairi ya milimita 40 hadi 50.

Anayetumia breki zinazobana ringi akumbuke kwamba kila akishuka mlima anaila ringi yake. Ringi nyingi zina kitundu kidogo au mfereji mwembamba kwenye ukuta wa kubaniwa. Mfereji ukitoweka, ringi imekwisha, hata kama inazunguka kwa unyoofu kama sarafu. Kama hauna mfereji, weka ukingo wa rula juu ya ukuta. Ukiona mwanga unapita katikati, ukuta umebonyea, na upepo wa tairi utaupasua siku moja, mara nyingi wakati umebana breki kwenye mteremko. Breki za diski zimeondoa ulaji huo, na kwa mzigo mzito mimi ningechagua diski. Lakini zina deni lake. Nguvu ya breki sasa inaanzia kwenye habu na lazima ipitie spoku kufika kwenye ringi, hivyo hata gurudumu la mbele linahitaji spoku zilizopishana, yaani zinazovukana njiani kwenda ringini. Tena diski inasukuma sahani ya kushoto ndani, na gurudumu la mbele nalo linapoteza kidogo ule ulinganifu niliousifu.

Kupishana kwenyewe ni elimu ya zamani. James Starley, Mwingereza, alipata hataza ya spoku zinazotoka habuni kwa ubavu mwaka 1874, na mpaka leo hatujapata bora. Spoku iliyonyooka moja kwa moja kutoka katikati kwenda ringini haiwezi kuizungusha ringi kwa nguvu mpaka habu igeuke kidogo kwanza. Inayotoka kwa ubavu inavuta mara moja. Kwa spoku 32 au 36, pishana mara tatu. Fundi yeyote anaijua kwa mikono yake hata akiwa anaongea na simu. Kwa 40 na 48, mara nne. Habu kubwa ya gia za ndani kwenye ringi ndogo hupishana mara mbili au hata moja, kwa sababu zaidi ya hapo spoku itaingia kwenye nipeli ikiwa imepinda.

Nimeulizwa hapa kabla ya kupanda jukwaani: ringi ya milimita 559, ile tuliyozoea kuiita inchi 26, bado ina maana? Kwa nguvu, ndiyo. Spoku zake ni fupi na zimelala zaidi, na kwa miaka mingi wasafiri wa dunia waliichagua kwa sababu matairi yake yalipatikana kila mahali baiskeli za milimani zilipofika. Siku hizi baiskeli mpya nyingi zinakuja na 584 au 622, na matairi bora yanafuata huko. Kama una fremu nzuri ya 559, usiitupe kwa sababu ya mtindo. Kama unanunua mpya, fuata fremu na tairi utakalolipata njiani. Kwa tairi nitaongeza kwamba tairi pana ndilo spoku ya kwanza. Lenye milimita 50 linameza mshtuko ambao lenye milimita 32 lingeupeleka moja kwa moja kwenye ringi. Msilijaze upepo hadi liwe jiwe.

Sasa nirudi kwa yule mzee wangu, maana haya yote yanaweza kuharibiwa na mkono mmoja mvivu.

Magurudumu mengi yanayouzwa tayari yamekazwa na mashine. Mashine inajua kunyoosha, na gurudumu likitoka hapo linazunguka bila kuyumba hata kidogo, unalipenda dukani. Lakini kunyooka na kukazwa ni mambo mawili. Unaweza kunyoosha ringi huku spoku moja imevuta sana na jirani yake haivuti chochote. Inapendeza macho kwa kilomita 300. Gurudumu la kwanza lililonisumbua lilikuwa la namna hiyo.

Mzee alinifanyia hivi, na ninafanya hivi hadi leo. Alitia tone la mafuta kwenye kila nipeli, mahali inapokutana na ringi na pale spoku inapoingia. Akaongeza mvuto robo mzunguko kwa spoku zote, akianzia kwenye tundu la valvu na kurudi pale pale, tena na tena. Kila alipogeuza nipeli alipitiliza kidogo kisha akarudisha, kwa sababu spoku nyembamba hujisokota pamoja na nipeli yake. Kama hurudishi, siku ya kwanza barabarani utasikia gurudumu linalia ping, ping, ping, spoku zikijisokotoa, na unyoofu wako umekwenda. Alipofika kwenye mvuto alioutaka, alizikamata spoku mbili mbili zinazokwenda sambamba, akazibana kwa nguvu hadi nikahofia mikono yake, akazunguka gurudumu lote. Baadaye nilielewa sababu. Kiwiko kimekunjwa kiwandani chuma kikiwa baridi, na ndani yake kuna ukaidi unaotaka kurudi kilivyokuwa. Ukikibana kwa nguvu kupita mvuto wa kawaida, kwa nukta chache, ukaidi unakwisha na kiwiko kinakaa sawasawa na tundu lake. Aliponyoosha tena, ringi ilikuwa imehama kidogo. Akabana tena. Mara ya tatu haikuhama, naye akaweka spana chini.

Mvuto huo ni kiasi gani? Kwa ringi nzuri ya safari, upande wa gia uwe kati ya kilo 100 na 120 kwa kila spoku, kwa kufuata kikomo alichoweka mtengenezaji wa ringi. Kipimo chake kipo, kifaa kidogo cha mkono, na fundi makini anacho. Usipokuwa nacho, tumia sikio. Piga spoku kwa kucha kama unavyogusa uzi wa zeze, karibu na katikati. Za upande mmoja zote zinatakiwa kutoa sauti inayofanana. Kushoto kwa nyuma sauti itakuwa nzito kuliko kulia, hilo ni la kawaida. Ukisikia moja inatoa "dup" katikati ya wenzake wanaoimba, hiyo ndiyo itakayoleta matanga.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue gurudumu lililosukwa kwa mkono au la kiwandani, namjibu: nunua vifaa vizuri, viwe vya kiwandani ukitaka, halafu umpe fundi anayejua alikaze upya. Kazi hiyo ni ya saa moja au mbili. Namna ya kumjua fundi huyo ni rahisi. Muulize habari ya mvuto wa spoku. Akikuambia tu kwamba atalinyoosha, mshukuru, utoke.

Njiani beba spoku 2 za kila urefu. Urefu wa nyuma kulia, nyuma kushoto na mbele unaweza kutofautiana kwa milimita kadhaa, na isiyofaa haifai hata ukiipigia magoti. Zifunge kwa utepe kwenye bomba la fremu, pamoja na nipeli zake. Beba spana ya spoku inayokaa vizuri kwenye nipeli zako, na kifaa cha kufungulia kaseti. Hiki cha mwisho ndicho husahaulika, na spoku za kulia haziingii mpaka kaseti itoke. Kuna vifaa vidogo vya mfukoni vinavyoikamata kaseti dhidi ya fremu yenyewe ukigeuza pedali. Zipo pia spoku za kamba ngumu za dharura zinazopita bila kutoa kaseti. Zitakufikisha mjini.

Ikikatika na huna kitu: itoe au iviringishe kwenye jirani yake isipige fremu. Ringi itakuwa imevutwa kuelekea upande wa pili. Legeza kidogo spoku mbili za upande huo wa pili zilizo karibu na pengo, nusu mzunguko, mpaka ringi ipite. Fungua breki kama inasugua, hamishia mzigo mbele, na ukiona shimo simama kwenye pedali, usilikalie. Kesho yake usikatae kuirekebisha kwa sababu "inaenda tu". Jirani zake wawili sasa wanabeba kazi yake, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Swali moja la mwisho naliona, dada pale mbele. Ndiyo. Anauliza: spoku 3 zikishakatika kwenye gurudumu moja, abadilishe hizo tatu tu? Hapana, dada yangu. Tatu zikikatika kiwikoni upande mmoja bila ajali, zilizobaki upande huo zina umri uleule na zimepitia mizunguko ileile. Badilisha spoku zote za upande huo, weka mpya, ubakishe habu na ringi kama ni nzima. Mimi nilibadilisha moja moja mara 7 kabla sijajifunza hilo.

Ile spoku imefika wapi? Naomba irudi, ninaitunza. Na wewe ndugu uliyeegemeza baiskeli pale mlangoni, nimeisikia ikiingia: gurudumu la nyuma lina moja inayolia "dup". Ilete hapa mezani, na aliye karibu anisogezee ile spana ndogo.